Pete ya uchumba: Kinachoshika jiwe ndicho cha kukagua kwanza

JIWE la pete ya uchumba aghalabu hupotea kimyakimya. Mwenyewe huwa anafua, anakanda unga au anatafuta nauli mkobani, na baadaye anapoutazama mkono wake huona tundu tupu palipokuwa na kito. Mara nyingi jiwe lenyewe halikuwa na kasoro yoyote. Vilivyoshindwa ni vile vikucha vinne au sita vya metali vilivyolishika, ambavyo vimelika kidogo kidogo kwa miaka bila ya mtu kuvitazama.

Kwa sababu hiyo, kijana anayeingia kwa sonara na akiba yake ya miezi kadhaa angefaa kuuliza habari za metali kabla ya kuuliza bei ya jiwe. Wengi hufanya kinyume.

Dhahabu safi ni ya karati 24, nayo ni laini mno kwa kazi hii. Vikucha vyake vingepinda kwa kugonga mlango wa matatu mara moja tu. Masonara basi huichanganya na fedha, shaba au zinki ili iwe ngumu. Pete ya karati 18 ina asilimia 75 ya dhahabu na hupigwa muhuri wa 750. Ya karati 14 huwa na alama ya 585, na ya karati 9 huwa na 375. Kadiri karati zinavyopungua ndivyo rangi inavyofifia na bei kushuka, lakini karati 14 kwa kawaida hustahimili misukosuko kuliko 18. Kwa mtu ambaye mikono yake haipumziki, hiyo si pete ya kuonewa haya. Karati 9 ni suala jingine, kwani zaidi ya nusu ya pete hiyo si dhahabu, na jasho na sabuni vyaweza kuibadilisha rangi.

Inayowachanganya wanunuzi zaidi ni dhahabu nyeupe. Hakuna mgodi unaotoa dhahabu ya rangi hiyo. Hupatikana kwa kuchanganya dhahabu ya kawaida na nikeli au paladiamu, kisha pete hupakwa utando mwembamba wa rodiamu, metali inayong'aa kama kioo. Utando huo huchakaa, pengine baada ya mwaka mmoja au miwili, na umanjano uliofichwa hujitokeza. Hapo pete hurudishwa kwa sonara kupakwa upya, gharama ambayo ni nadra kutajwa siku ya kununua. Isitoshe, nikeli huwatoa baadhi ya watu vipele na kuwawasha ngozi. Muungano wa Ulaya ulipitisha agizo la kuidhibiti katika mapambo mnamo 1994. Klorini nayo, iwe ya bwawa la kuogelea au ya dawa ya kung'arishia nguo, huweza kuvitia nyufa vikucha vya dhahabu ya aina hiyo.

Platinamu haina haja ya kupakwa chochote. Weupe wake ni wa asili, na pete nyingi huwa na asilimia 95 ya metali hiyo. Hupata mikwaruzo, naam, lakini inapokwaruzwa sehemu kubwa ya metali husukumwa kando tu badala ya kumeguka, hivyo vikucha vyake hudumu. Ni nzito kuliko dhahabu ya karati 18 kwa zaidi ya thuluthi. Aidha, huyeyuka kwa nyuzi 1,768 za Selsiasi ilhali dhahabu huyeyuka kwa 1,064, kwa hivyo si kila karakana inayoweza kuitengeneza. Ni vyema kuuliza mapema ni nani aliye karibu atakayeipanua pete kidole kikinenepa.

Fedha yenye alama ya 925 ni rahisi kwa bei, ila ni laini na huwa nyeusi. Anayeichagua na aagize ukingo unaolizunguka jiwe lote badala ya vikucha.

Jiwe nalo lina neno lake. Tsavoraiti, kito cha kijani kilichopewa jina la Tsavo mnamo 1974, hupendeza kwenye dhahabu ya manjano. Almasi isiyo na rangi, ikizungukwa na umanjano huo, huweza kuonekana imepakwa chai. Tanzanaiti huogopa mabadiliko ya ghafla ya joto, na yafaa iondolewe kabla ya sonara kuwasha moto kurekebisha pete.

Wapo wanaoagiza duara la dhahabu ya manjano na vikucha vya platinamu, na hesabu yao ni nzuri, kwa kuwa metali ngumu kulika inatumika kidogo tu, pale inapohitajika hasa. Hata hivyo, pete yoyote yafaa ikaguliwe na sonara kwa lenzi kila mwaka. Nyumbani, mvaaji anaweza kuisogeza sikioni na kuigonga polepole kwa ukucha. Jiwe likisikika likicheza, pete ivuliwe siku hiyo hiyo.