Samoni wa Willamette na Mafuta Yake ya Safari

Samoni anayepanda mto Willamette mwezi wa Aprili aliacha kula alipoingia mtoni, na hatakula tena maishani mwake. Atataga kati ya mwishoni mwa Agosti na Oktoba, kwenye changarawe za vijito vya milimani alikozaliwa, kisha atafia hukohuko. Miezi yote ya katikati anaishi kwa akiba aliyoibeba kutoka baharini: mafuta yaliyojaa tumboni na kupenya kila tabaka la nyama yake. Mafuta hayo ndiyo yatakayompandisha mlima. Ndiyo pia yanayomwamsha mvuvi wa Portland saa 10 alfajiri, baridi na manyunyu yakimngoja nje, akalipe dola 200 na zaidi apate nafasi katika boti ya mtu anayeujua mto. Utamu wa samaki huyu na udhaifu wake vimetoka mahali pamoja, na safari hizi hazieleweki mpaka jambo hilo lieleweke.

Jina lake ni Chinook, mkubwa kuliko samoni wote wa Pasifiki. Wako Chinook wanaopanda majani yakipukutika, lakini hawa wa majira ya kuchipua hutangulia. Huanza kuonekana Februari na kuendelea hadi Juni, wengi wao wakipita Aprili na Mei, na kwa kawaida huwa na kilo 5 hadi 9. Portland, jiji kubwa la jimbo la Oregon nchini Marekani, liko karibu na mahali Willamette inapomwagia mto Columbia. Bahari iko mbali, zaidi ya kilomita 160, lakini maji ya mto hujaa na kupwa mpaka chini ya maporomoko ya Oregon City. Mvuvi wa Pemba au Lamu angelielewa hesabu za nahodha wa hapa bila kufundishwa.

Nahodha huyo hulipwa kwa yale aliyoyajua kabla ya kuondoka gatini. Mvua kubwa ikinyesha milimani, au theluji ikiyeyuka kwa kasi, mto hugeuka tope na samaki haoni chambo. Maji yakiwa baridi mno, samaki hupoa na kutulia. Yakikaribia nyuzi 10 za Selsiasi huchangamka. Kwa hiyo kila asubuhi husomwa joto la maji, kina chake na rangi yake, ndipo huamuliwa pa kwenda. Chambo mara nyingi ni heringi aliyekatwa kichwa mshazari, ili akivutwa azunguke majini mithili ya samaki aliyejeruhiwa. Wengine hutumia kamba waliotiwa rangi. Chubwi hushusha chambo hadi karibu na sakafu ya mto, na boti hurambaza polepole, mishipi ikikokotwa nyuma. Kwa nini samaki asiyekula adake chambo? Wapo wanaosema ni hasira ya kuingiliwa njiani, wapo wanaosema ni mazoea ya baharini ambayo hayajamtoka mdomoni. Mabishano hayo hujaza saa nyingi za kungoja.

Mahali pengine hakuna kurambaza. Boti hutia nanga ubavu kwa ubavu, safu ikikata mto, na mkondo wenyewe huchezesha vyambo. Samaki akinasa, nahodha huiachia kamba ya nanga ielee na boya lake, boti ikateremka na mkondo huku majirani wakiinua mishipi yao kumpisha. Mambo yakiisha hurudi kwenye boya lake na kukuta nafasi yake imeachwa wazi. Katika mto wenye watu wengi na samaki wachache, naiona adabu hii kuwa sehemu ya uvuvi kama ndoana ilivyo.

Samaki anapoletwa ubavuni mwa boti, macho ya nahodha huenda kwanza mgongoni, karibu na mkia. Hapo samoni ana pezi dogo la nyama. Likiwa limekatwa, huyo alitotolewa na kulelewa katika kituo cha kutotolesha samaki, akakatwa pezi angali kifaranga ili atambulike. Mteja anaweza kumchukua na kumwandika kwenye kadi yake. Pezi likiwepo, huyo ni wa asili na hana budi kurudi. Nahodha mwema hamwinui kwa ajili ya picha. Humwacha ndani ya maji, wavu ukiwa wa mpira usiokwangua magamba, humchomoa ndoana kwa koleo, kisha humshika kichwa kikielekea mkondo mpaka apige mkia mwenyewe. Kila dakika ya kuhangaika hula ile akiba, na akiba hiyo haijazwi tena.

Sheria nayo imejengwa hivyo. Kwenye Columbia, msimu hupimwa kwa samaki wa asili wanaokadiriwa kufa baada ya kurudishwa, zaidi kuliko kwa wale wanaobebwa nyumbani. Huko bwawa la Bonneville, samaki wamehesabiwa tangu 1938 wakipita katika ngazi yao ya maji. Idadi ikiwa ndogo kuliko utabiri, au vifo vikikaribia kikomo, maofisa wa majimbo ya Oregon na Washington huufunga mto kwa taarifa ya siku chache, hata kama manahodha wameshapokea malipo ya wiki nzima. Inauma, lakini naamini ni haki. Chinook wa majira ya kuchipua wa Willamette ya juu wamo katika orodha ya viumbe walio hatarini tangu 1999, na wale wa mto Snake, unaomwagia Columbia, tangu 1992.

Hawakufika huko kwa ndoana za watalii. Kiwanda cha kwanza cha samoni wa makopo kwenye Columbia kilifunguliwa 1866. Yakafuata mabwawa. Katika bonde la Willamette peke yake, Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Marekani kina mabwawa 13, na kadhaa yamezifunga njia za mazalio bora kuliko yote ya samaki hawa. Vituo vya kutotolesha vilijengwa kuwa fidia. Hivyo mteja anayebeba samaki aliyekatwa pezi amebeba fidia ya bwawa, na nahodha anayestahili malipo yake humwambia hivyo.

Amwambie pia habari za Celilo. Kwenye maporomoko hayo ya Columbia, watu wa asili walivua kwa maelfu ya miaka, hadi tarehe 10 Machi 1957, maji ya bwawa la The Dalles yalipoyafunika kwa saa chache. Mikataba ya 1855 iliwahakikishia watu wa Yakama, Umatilla, Warm Springs na Nez Perce haki ya kuvua mahali pao pa siku zote, na iliwabidi waitetee mahakamani zaidi ya karne moja baadaye. Kila majira ya kuchipua hufanya karamu ya samoni wa kwanza.

Watu wa kandokando ya Ziwa Victoria wanaijua hadithi ya namna hii. Ningu naye hutoka ziwani mvua zinapoanza, akapanda mito kama Nzoia na Kagera kwenda kutaga. Katikati ya karne iliyopita nyavu zilitandwa midomoni mwa mito, zikawanasa majike na mayai yao kabla hawajafika, na uvuvi mkubwa wa ningu ukaporomoka. Pale hapakuwa na mtu wa kutazama pezi na kusema huyu arudi.

Anayepanga kwenda Portland amuulize nahodha maswali mawili kabla ya kulipa. La kwanza: mto ukifungwa ghafla, fedha yangu itarudi au tutahamia mto mwingine? La pili: tukimpata wa asili, utamfanyaje? Akianza kueleza jinsi ya kupiga picha nzuri, atafute nahodha mwingine.