Jeki Ikikaa Vibaya, Boljointi Hudanganya

Gari linalotoka Tukuyu kwenda Kyela huteremka karibu mita 1,000 kabla ya kukuta tambarare ya Ziwa Nyasa, na dereva hukanyaga breki sehemu kubwa ya njia. Likiacha lami na kuingia njia za vijijini, Makwale au kwingineko, kufuata mpunga na kakao, linakuta tope na madimbwi, hasa kati ya Machi na Mei mvua inapokolea. Sehemu kubwa ya mzigo huo, wa breki, mashimo na kona, hupita kwenye kiungo kidogo kinachoenea kiganjani: boljointi.

Ndani yake kuna kichwa cha chuma cha mviringo kilichokaa kwenye kikombe, kama nyonga inavyobeba paja. Ndicho kinachoruhusu gurudumu kupanda, kushuka na kugeuka bila kuachana na mkono wa chini wa gari. Juu yake pana kofia ya mpira inayofungia grisi ndani na kuzuia uchafu usiingie.

Madereva wengi husema mashimo ndiyo yanayoua boljointi. Kwa Kyela mimi naanza na ile kofia. Jiwe au kijiti kikishaichana, kila dimbwi huingiza maji na mchanga laini. Bonyeza kofia iliyochanika kwa kidole: badala ya grisi nyeusi inayovutika, hutoka uji wa kahawia wenye chembechembe. Hiyo ni kutu na mchanga, na vinasaga chuma kila usukani unapozungushwa. Mchubuko mdogo unatosha kuleta balaa. Mwaka 2005 Toyota iliita magari zaidi ya 700,000 nchini Marekani, yakiwemo 4Runner, ndugu wa Hilux Surf, kwa sababu vichwa vya baadhi ya boljointi za mbele vilichubuliwa kiwandani, na kiungo kingeweza kulegea hadi kuachia.

Dalili zinajulikana: gari linagonga mbele likipita kwenye tuta, linatangatanga barabarani, usukani unalia ukikatwa, tairi linalika upande mmoja. Lakini bushi, shokapu na tairodi nazo huleta dalili hizohizo. Kwa hiyo fundi anayeagiza boljointi kwa kusikia mlio tu anabahatisha kwa pesa ya mwenye gari.

Kipimo ni kuinua gurudumu na kulitikisa, na hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Kwenye Hiace nyingi, uzito wa mbele hubebwa na chuma kirefu kinachojisokota, kilichoungwa na mkono wa chini. Ukiweka jeki kwenye chesesi, gurudumu linaning'inia, lakini chuma kile kinaendelea kuusukuma mkono chini kwa nguvu na kuibana boljointi. Utatikisa mpaka uchoke, nayo itaonekana nzima. Weka jeki chini ya mkono wenyewe, karibu na boljointi, uinue mpaka tairi liachane na ardhi kidogo. Sasa jeki ndiyo iliyobeba nguvu ile, na kiungo kiko huru kusema ukweli.

Kwa IST au Probox ni kinyume chake. Springi imekaa kwenye shokapu, na mkono wa chini haubebi uzito wa gari. Hapo jeki inakaa sehemu yake kwenye bodi, gurudumu linaachwa lining'inie. Ukiinua kwa mkono, unakishindilia kichwa ndani ya kikombe na kuficha ulegevu.

Pitisha mtaimbo chini ya tairi, uinue taratibu, huku mwenzako akimulika kiungo kwa tochi. Gari nyingi hazitakiwi kuonyesha mchezo wowote unaoonekana kwa macho. Kisha shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki: mchezo ukiisha, shaka yangu inahamia kwenye beringi. Likicheza kushoto na kulia tu, anza na tairodi.

Kazi ya kubadilisha si ngumu, ila inahitaji adabu. Legeza nati za gurudumu gari likiwa chini, zuia magurudumu ya nyuma, kisha ulikalishe kwenye stendi imara. Matofali yanapasuka, usilale chini ya gari lililobebwa na matofali. Kwenye Hiace jeki ibaki chini ya mkono muda wote, maana chuma kilichojisokota kikiachiwa ghafla kinaweza kuvunja mkono wa mtu. Toa splitpini, legeza nati ya boljointi bila kuitoa yote, kisha gonga ubavu wa jicho la chuma lililoshika shina la boljointi mpaka liachie. Usigonge ncha ya shina.

Jicho lisafishwe na kukauka. Grisi haipakwi pale shina linapobana. Nati ikazwe kwa kipimo cha mtengenezaji wa gari. Tundu la splitpini lisipolingana, kaza kidogo zaidi, usirudishe nyuma. Splitpini iwe mpya.

Kuna wanaokigongagonga kikombe kibane tena, au kukichomelea. Nalikataa jambo hilo kabisa. Moto huyeyusha kilichomo ndani na kubadili ugumu wa chuma, na kiungo hicho kikikatika kwenye mteremko wa Tukuyu, gurudumu linalala na usukani haumtii mtu. Kifaa kikiwa hakijapatikana, gari lisipakie abiria wala magunia, lisubiri.

Ukipata safari ya Mbeya mjini, pima alaimenti. Kabla ya hapo, baada ya siku chache za tope, chungulia tena: splitpini ipo, nati haijasogea, kofia haijachanika.