Nguvu na Kasi katika Bonde la Kilombero

Katika Bonde la Kilombero, ambako mpunga hustawi katika ardhi inayofurika masika na kukauka kiangazi, uchukuzi umekuwa tangu zamani sehemu ya maisha ya kila nyumba, wala haukuwa kazi ya makuli peke yao. Wandamba waliozaliwa kando ya mto walijifunza tangu utotoni kuendesha mtumbwi kwa pondo. Na jamaa nyingi, za Wandamba, Wapogoro, Wabena na wageni waliolowea, msimu wa kilimo uwadiapo huhama vijijini wakaenda kukaa katika madungu mashambani, wakiwawinga ndege na nguruwe, mpaka mavuno yatimie. Hapo ndipo taabu ya pili huanza, kwa kuwa mtu aliyejaza magunia akashindwa kuyafikisha Ifakara kwa hakika bado hajavuna.

Kwa watu wa namna hiyo reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, ilikuwa neema kubwa. Njia hiyo ya kilomita 1,860, itokayo Dar es Salaam mpaka New Kapiri Mposhi nchini Zambia, hupita Kidatu, Mang'ula, Ifakara na Mlimba, na vijiji vingi vilijipanga kandokando yake. Punde ikazuka desturi ya treni ya kipisi, iliyosimama hata katika stesheni ndogo kabisa: wachuuzi walijua siku yake, wakaamka alfajiri na mikungu ya ndizi, kuku, samaki wakavu na mchele, wakapokezana mizigo madirishani, na mara nyingi aliyekwenda sokoni alikabidhiwa amana ya jirani pamoja na yake. Mimi naihesabu treni ile kuwa miongoni mwa shule bora za uaminifu katika bonde hili.

Lakini injini za mwanzo za reli hiyo, zilizotoka China, zilikuwa na tabia inayostahili kuelezwa. Zilikuwa za dizeli, ila nguvu yake haikupelekwa magurudumuni kwa klachi wala kwa umeme. Ilipelekwa kwa mafuta, kwa chombo ambacho mafundi hukiita konveta, kilichobuniwa na Mjerumani Hermann Föttinger, aliyepata hataza yake mwaka 1905 akikusudia kuendesha meli. Ndani yake mna mapanga yanayozungushwa na injini na mapanga mengine yaliyoungana na gia, na baina yake hakuna chuma kinachoshikana na chuma: ya kwanza husukuma mafuta, nayo mafuta huyasukuma ya pili, mfano wa feni inayowashwa mbele ya feni iliyozimwa. Katikati husimama mapanga ya tatu, yanayogeuza mkondo wa mafuta unaporudi, na kwa sababu hiyo msukumo huzidi wakati gari linapoanza kuondoka.

Neema hiyo ina gharama yake. Madhali mafuta huteleza, sehemu ya nguvu hugeuka joto. Na njiani kati ya Mlimba na Makambako, penye kilomita 157, mahandaki 18 na mpando wa zaidi ya mita elfu moja, injini zile zilielemewa na mizigo mizito. Katika miaka ya 1980 ndipo zikaja zenye kuzalisha umeme kwa dizeli, zikachukua kazi ile ngumu ya mlimani.

Konveta ya namna hiyo imo pia katika magari ya otomatiki, kwa hiyo mambo hayo yanawahusu sana vijana wa Ifakara wenye magari ya otomatiki yaliyotumika Japani, ambao hutamani gari moja livute tela la mpunga wiki nzima na Jumamosi liwashinde wenzao kwa kuondoka. Huko Marekani wako watu wengi wenye tamaa hiyohiyo: pikapu kubwa la dizeli huvuta tela, kisha hushindana katika uwanja wa robo maili, yaani mita 402. Mwenye mashindano hutaka konveta ndogo, inayoiachia injini izunguke kwa kasi na tabo ijae pumzi kabla gari halijajongea. Mwenye tela hutaka kubwa, inayoshika mapema katika mizunguko michache, kwani ile ndogo ikivuta mzigo mlimani huyachemsha mafuta mpaka yakaungua, na gia boksi nzima ikaharibika.

Wajuzi hutafuta usuluhishi kwa konveta yenye klachi ya kufunga ndani yake, iliyoongezwa sahani, ambayo gari likishakolea mwendo huziunganisha pande mbili ziwe kitu kimoja, na utelezi ukakoma. Usuluhishi huo ni mwema, lakini haufuti hitilafu ya asili. Wakati wa kuanza mwendo ni lazima mmoja apunjwe. Rai yangu kwa mwenye gari wa bondeni ni kwamba apunjwe mwenye mashindano: achague konveta inayoshika mapema, aimarishe klachi hiyo, kisha fedha ambayo angeitumia kununua kasi ainunulie rejeta ya pili ya mafuta ya gia, aifunge mahali penye upepo wa kutosha, juu ya kimo cha tope la masika, na kila arudipo shambani aioshe, maana makapi ya mpunga huziba matundu yake upesi kuliko vumbi.