Kuku wa Nyama na Udhaifu wa Miguu



Wengi wetu tunafuga kuku wa nyama ili kuongezea mshahara. Kuku huyu hufikia kilo 2 kwa wiki 6 tu. Nyama huongezeka upesi kuliko mifupa inavyokomaa, miguu hupinda, naye hushindwa kufika kwenye chakula na maji.

Mahindi na pumba vina madini ya chokaa kidogo sana. Majani ya mlonge yaliyokaushwa na kusagwa yana madini hayo, nayo husaidia yakichanganywa kidogo. Lakini hiyo ni nyongeza tu. Chokaa ya mifugo, unga wa mifupa na vitamini D ni lazima.

Anayekuuzia majani akisema yanatosha peke yake anakula jasho lako. Kuku wakianza kuchechemea, mwite bwana mifugo mapema.