Magdalene Odundo na Mtungi Usiotekewa Maji

Miongoni mwa mambo yanayowatatiza watu wengi waingiapo katika nyumba za makumbusho ni ile sanaa ya maumbo isiyoshabihi kitu chochote kijulikanacho: si sanamu ya mtu, si ya mnyama, wala si ya mti, na mtazamaji, baada ya kuizunguka huku akitafuta pua na macho asiyaone, huondoka na dhana kwamba amefanyiwa mzaha na mtu mwenye kisomo. Siwalaumu watu hao, kwani wenye kuifafanua sanaa hiyo aghalabu hutumia maneno mazito kuliko sanaa yenyewe. Walakini yuko mwanamke mmoja, mzaliwa wa Nairobi, ambaye kazi zake zaweza kumwingiza mtu katika mlango huo bila ya kumtia hofu, kwa sababu amekitwaa chombo ambacho wazee wetu wote walikijua, yaani mtungi, akakivua kazi yake ya kuweka maji, akatuachia umbo peke yake.

Magdalene Odundo alizaliwa mwaka 1950. Elimu yake ya awali aliipata India na Kenya, kisha akasomea michoro ya biashara katika chuo cha Kabete, na mwaka 1971 akasafiri kwenda Cambridge, Uingereza, kwa nia ya kuendelea na kazi hiyo hiyo ya michoro na picha. Huko ugenini ndiko udongo ulikomteka. Katika mwaka 1974 na 1975 alirejea Afrika, akaenda Nigeria na Kenya kujifunza kwa wanawake wafinyanzi. Na huko Nigeria alifika Abuja, palipokuwa na chuo cha ufinyanzi alichokiasisi Mwingereza Michael Cardew mwanzoni mwa miaka ya 1950, chuo ambacho stadi wake mwenye sifa kuu alikuwa Ladi Kwali, mwanamke wa kabila la Wagwari, ambaye sura yake leo imo katika noti ya naira 20.

Inafaa tutue kidogo hapa, maana desturi ya Wagwari ndiyo msingi wa yote yaliyofuata. Mfinyanzi wa Kigwari hatumii gurudumu. Hulitua bonge la udongo mbele yake, akalitoboa katikati kwa ngumi, akauvuta udongo kutoka ndani kwenda juu hata kuta zikasimama, kisha akaongeza misokoto ya udongo, mmoja juu ya mwingine, na kuiunganisha kwa vidole. Chombo hakizungushwi, mwenyewe ndiye akizungukaye, kwa mwendo wa pole, mkono mmoja ndani na mmoja nje. Kwa hiyo mtungi hupata umbo lake kutokana na nguvu itokayo tumboni mwake, na ule uwazi ulio ndani si nafasi iliyobaki baada ya kazi kwisha, bali ndiyo kazi yenyewe. Atakayelifahamu jambo hilo amekwisha kufahamu zaidi ya nusu ya sanaa ya Bibi Odundo.

Aliporudi Uingereza alihitimu shahada yake ya kwanza katika chuo cha sanaa cha Farnham mwaka 1976, na ya pili katika chuo kikuu cha sanaa cha London kiitwacho Royal College of Art mwaka 1982. Alifika pia New Mexico, Marekani, katika kijiji cha San Ildefonso, ambacho wenyeji wake wa asili wamesifika kwa vyombo vyeusi ving'aavyo, akatazama jinsi weusi ule unavyopatikana. Hapo akawa na maarifa ya mabara matatu mkononi, na tangu wakati huo hakuhitaji kubadili mno njia yake.

Kazi yake hufinyangwa kwa mkono tangu mwanzo hadi mwisho. Chombo kikiisha kusimama na kukauka kiasi, hukwangua kuta zake mpaka zikawa nyembamba, akausugua uso wake, akaupaka uji wa udongo uliochujwa mpaka ukawa laini kabisa, akausugua tena. Kusugua huko huzilaza chembe za udongo bapa, zote zikaelekea upande mmoja, nazo huurudisha mwanga wa jua au wa taa pasipo kupakwa ile ngozi ya kioo tuionayo katika sahani na vikombe vya dukani. Kisha huja moto, na hapa pana elimu kidogo. Udongo mwekundu una chuma ndani yake. Ukichomwa katika tanuri lenye hewa ya kutosha, chuma hicho huungana na oksijeni, na chombo hutoka na rangi ya chungwa iliyoiva. Chombo hicho hicho kikirudishwa motoni mara ya pili, kikafungiwa pamoja na vitu viwakavyo kama vipande vya mbao, moto hupungukiwa na hewa, ukaanza kukinyang'anya chuma oksijeni yake, na moshi nao ukapenya katika matundu madogo ya udongo. Hapo kitu hutoka cheusi ti. Wakati mwingine rangi zote mbili hukutana ubavuni, weusi ukiungia wekundu bila ya mpaka dhahiri, na vyombo vya namna hiyo ndivyo nivipendavyo kuliko vyote, kwa kuwa moto umeachiwa neno lake. Vile vyeusi tupu hunishangaza kwa utimilifu wake, lakini pengine ung'avu umezidi hata mkono uliovifinyanga umepotea machoni.

Sasa tulitazame umbo. Kitako ni chembamba kiasi cha kumtia mtu shaka kwamba chombo kitaanguka. Juu yake tumbo limefura, nalo halikufura sawasawa pande zote. Bega limeinuka, na juu ya bega pana vinundu viwili vitatu vidogo. Shingo ni ndefu, imeinama kidogo, na mdomo umefunguka kwa upana ukielekea pembeni. Wengi wakiona hivyo hukimbilia kusema kwamba ni mwanamke mjamzito, wakaridhika kwamba fumbo limefumbuliwa. Sikatai kuwa mwili wa binadamu umo, lakini msanii hakuunakili mwili. Ameuchukua mkao wake, yaani ile namna ambayo mtu hugeuza shingo aitwapo, au husimamisha mgongo abebapo mzigo kichwani. Mfano mwema ni deni lake kwa Wamangbetu wa kaskazini-mashariki ya Kongo, ambao wafinyanzi wao walikuwa wakitengeneza mitungi yenye vichwa vya wanawake, vichwa virefu vilivyosukwa nywele kwa ufahari. Odundo ameuacha uso, akaziacha nywele, akabaki na mwinamo wa kichwa tu. Hiyo ndiyo dhahania kwa maana yake halisi: kupunguza mpaka libaki lile ambalo likiondolewa hapana kitu. Na vingi katika vyombo hivyo hakuvipa jina, ili mtazamaji asianze kwa kusoma.

Vyeo sitavikalia sana. Alifundisha miaka mingi Farnham, akawa profesa mwaka 2001, na mwaka 2020 alitunukiwa cheo cha Dame. Vyombo vyake vimo katika British Museum ya London na Metropolitan Museum ya New York, na mwaka 2022 vilionyeshwa Venice katika maonyesho makuu ya kimataifa. Amewahi pia kuuacha udongo kidogo na kutumia kioo, katika kazi moja yenye vipande 1,001 vilivyotundikwa hewani.

Lakini liko shauri moja lisilokwisha, nalo ni kama mfinyanzi astahili kuhesabiwa pamoja na wachongaji. Mwaka 2019 Bibi Odundo alifanya maonyesho makubwa mjini Wakefield, katika jumba lililopewa jina la mchongaji Barbara Hepworth, akaviweka vyombo vyake pamoja na vitu alivyovichagua mwenyewe kutoka zama na mataifa mbalimbali, vya ufundi na vya sanaa, bila ya kuvitenga. Hepworth huyo husifiwa katika tarehe ya sanaa ya Uingereza kwa kuwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 alilitoboa jiwe tundu, hewa ikapita katikati ya sanamu, na jambo hilo likaandikwa kuwa ni uvumbuzi. Kwa hiyo nisomapo kwamba Magdalene Odundo ameunyanyua ufinyanzi hata ukafikia daraja ya uchongaji, naona mwandishi ameshika kamba kwa ncha isiyo yake, maana katika shauri la uwazi wachongaji ndio waliochelewa kufika, na wanawake wa Kigwari, ambao hakuna aliyewaandika majina, walikuwa wamekwisha kutia ngumi katika udongo karne nyingi kabla.