Mvua Iliyotangulia Bendera

Aghalabu watu wa Afrika Mashariki wakitaja mvua pasipo kuifasili huwa wameikusudia masika, kwa kuwa masika ndiyo mvua yenye jina kubwa, ndiyo inayolimiwa mashamba mapana, na ndiyo inayosubiriwa kwa dua na kwa hofu. Ama vuli, mvua ya Oktoba, Novemba na Desemba, huhesabiwa kuwa ni nyongeza tu, mvua ya kunde na choroko, mwaka huu nyingi na mwaka ule haba, na mkulima aliyeikosa hujiliwaza kwa kusema kuwa masika bado yaja. Dharau hii, kwa rai yangu, ni moja katika sababu zilizotufanya tuisahau vuli moja iliyozamisha magati, ikakata njia, ikaeneza maradhi na kuisindikiza dola mpya hadi siku ya kupandisha bendera yake, nayo ni vuli ya mwaka 1961.

Wazee walioishi kwa jembe na kwa jahazi walikuwa na hesabu yao ya kuijua vuli kabla haijafika. Walihesabu mwaka wa Nairuzi, wenye siku 365 pasipo siku ya kuongeza, uliogawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi, na ambao mwanzo wake husherehekewa hata leo kule Makunduchi kwa Mwaka Kogwa. Kwa kuwa hesabu hiyo haina mwaka mrefu, nayo hurudi nyuma kwa kadiri ya siku moja katika kila miaka minne, mtu mwenye hadhari hakuitegemea peke yake, bali aliisahihisha kwa kutazama pepo: kusi ikilegea, bahari ikatulia, matlai ikavuma asubuhi kisha ikakatika, hapo hujulikana kuwa kaskazi i karibu, na kwamba mvua imo baina ya pepo mbili hizo. Elimu ya leo haikuyabatilisha maneno ya wazee, imeyaeleza tu kwa njia nyingine. Jua linapohamia kusini, mkanda wa mawingu uliouzunguka ulimwengu karibu na ikweta hulifuata. Ukipita juu yetu kwenda kusini ndiyo vuli, na ukirudi kaskazini ndiyo masika, ilhali huko Dodoma na Songea safari mbili hizo huungana zikawa msimu mmoja mrefu.

Jambo ambalo mzee wa Pemba hakuwa na njia ya kuliona ni lile lililokuwa likitendeka ng'ambo ya bahari. Katika miaka ya kawaida maji ya Bahari ya Hindi upande wa Sumatra huwa na joto zaidi kuliko maji ya upande wetu, na mvua hupenda penye maji ya joto. Lakini iko miaka ambayo pepo za kutoka mashariki hupata nguvu, zikayasukuma maji ya juu kuja magharibi, na maji baridi ya kilindini yakapanda karibu na Sumatra, hata mizani ya bahari nzima ikageuka, huko ukashuka ukame na huku ikaja gharika. Jambo hili lilikuja kufasiliwa barabara na kupewa jina katika sayansi mwaka 1999, na wataalamu walipozirudia kumbukumbu za zamani walikuta kuwa 1961 ni miongoni mwa miaka ambayo mizani hiyo ilielemea upande wetu kupita kiasi. Wakati wenyewe hakuna aliyeyajua hayo. Chombo cha kwanza cha kupiga picha za mawingu kutoka juu ya anga kilikuwa kimerushwa na Marekani mwaka uliotangulia tu, na Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Nairobi, iliitegemea zaidi mikebe ya kupimia mvua iliyotapakaa katika mashamba, misheni na maboma.

Tena mwaka huo ulianza kwa njaa. Mvua zilizotangulia zilikuwa haba katika sehemu nyingi za Kenya na Tanganyika, ng'ombe wakafa kwa wingi Umasaini, na serikali zikawa zinagawa mahindi ya msaada, mengine yakiwa yametoka Marekani. Watu waliomba mvua, na Oktoba mvua ikaja; illa ilipokwisha kuja haikujua kukoma. Ardhi iliyopigwa na jua muda mrefu hainywi maji kwa pupa kama tunavyodhani, kwani juu yake huwa imeshikana kama sakafu, na maji huteremka moja kwa moja mabondeni na kuchukua kila kilichomo njiani. Mto Tana ukafurika, na kadhalika Juba na Shebelle upande wa Somalia, hata ikabidi ndege za jeshi la anga la Uingereza ziwadondoshee chakula watu waliozingirwa na maji, na wengi wao walikuwa ni wale wale ambao miezi michache nyuma walilishwa kwa sababu ya kukosa maji. Sijui kejeli ya majira iliyo kali kuliko hiyo.

Katika maisha ya kila siku vuli ya namna hii haianzi kwa mafuriko, huanza jikoni. Kuni huwa mbichi na moshi hujaa nyumbani hata watoto wakatokwa na machozi. Nguo zilizofuliwa Jumatatu huvaliwa Alhamisi zikiwa na harufu ya unyevu. Paa la makuti lililosahauliwa wakati wa kiangazi hudai haki yake usiku wa manane, na nyumba nzima huamka kutafuta masufuria ya kukingia. Shuleni mwalimu hunyamaza, si kwa kupenda, bali kwa sababu mvua juu ya bati haimwachii mtu nafasi ya kusema. Unguja na Pemba hasara huwa kubwa zaidi, maana zao kubwa la karafuu mara nyingi huangukia miezi hii hii, na karafuu zilizochumwa zataka siku kadhaa za jua kali juu ya majamvi. Zikitota huota ukungu na hupoteza rangi na bei, hivyo aila nzima huwa na jicho moja katika kazi na jicho moja mbinguni, tayari kuyakunja majamvi mara wingu likitokeza.

Msomaji na akumbuke sasa ni mambo gani yaliyokuwa yakitendeka chini ya mawingu hayo. Tanganyika ilikuwa imepata madaraka ya ndani tarehe 1 Mei, na Mwalimu Julius Nyerere, Waziri Mkuu, alikuwa akiitengeneza serikali itakayosimama peke yake tarehe 9 Desemba, siku ambayo Luteni Alexander Nyirenda aliipeleka bendera na mwenge juu ya kilele cha Kilimanjaro. Kenya Jomo Kenyatta alikuwa ametoka kizuizini mwezi wa Agosti, na vyama vya KANU na KADU vilikuwa vikivutana juu ya sura ya katiba. Uganda serikali ya Benedicto Kiwanuka ilikuwa ikiinukia katikati ya mzozo wa Buganda. Unguja watu walikuwa bado na majonzi ya waliouawa katika ghasia za uchaguzi wa Juni. Vitabu vya historia vimeyaeleza haya yote kwa urefu, navyo vimefanya vyema, lakini mtu akivisoma huweza kudhani kuwa uhuru ulipatikana katika nchi isiyokuwa na hali ya hewa. Kwa kweli mawaziri wapya walirithi barabara zilizokatika, maghala yaliyokwisha na hesabu za chakula cha msaada, na wale maadui watatu waliotajwa katika kila hotuba, umaskini, ujinga na maradhi, walikuwa wamekwisha pata msaidizi.

Liko jambo jingine la siasa ambalo halisemwi sana. Mwezi ule ule wa Desemba 1961 iliundwa Jumuiya ya Huduma za Pamoja za Afrika Mashariki, kushika mahali pa ile Halmashauri Kuu ya kikoloni, ili reli, bandari, posta na utabiri wa hali ya hewa viendelee kuwa shirika baina ya nchi ambazo kila moja ilikuwa ikienda njia yake. Nadhani hapakuwa na hoja yenye nguvu ya kuutetea uamuzi huo kuliko mvua yenyewe, kwani maji yaliyonyesha Bukoba yalipandisha Ziwa Victoria huko Kisumu na Entebbe, na hapana waziri ambaye angeweza kuyasimamisha mpakani.

Ama kuhusu siha, ni lazima tuende taratibu, maana mvua haimwui mtu siku inyeshapo. Yai la mbu lililotagwa katika dimbwi huchukua wiki moja au mbili kuwa mbu kamili. Mbu huyo akimnyonya mgonjwa, vijidudu vya malaria huhitaji kadiri ya siku kumi au zaidi kukomaa ndani yake. Na akimwuma mtu mwingine, homa hungoja tena wiki moja mpaka mbili. Kwa hesabu hii maradhi huja wakati mvua imekwisha kusahauliwa na matope yameanza kukauka, na watu huilaumu kaskazi na joto lake kwa dhambi ya vuli. Mvua iliyo kali mno huyakokota mayai ya mbu na kuyamwaga mtoni, kwa hiyo gharika yenyewe huwa afadhali kwa siku chache. Hatari ni vile vidimbwi vinavyobaki nyuma yake, katika nyayo za ng'ombe na kando ya barabara.

Fauka ya malaria, vuli ile ilikuta homa nyingine ikiwa tayari njiani. Mwaka 1959 ulikuwa umezuka Uganda ugonjwa ulioitwa kwa Kiacholi o'nyong-nyong, wenye maumivu ya viungo yanayomlaza mtu mwenye nguvu zake, ukapita Kenya na Tanganyika na kuendelea hata 1962, na watu waliougua wakakadiriwa kuwa milioni 2. Hauui, na yamkini ndiyo maana umesahauliwa. Lakini mkulima asiyeweza kukunja mkono wakati wa kupalilia amekwisha pata hasara yake. Unachukuliwa na mbu yule yule anayechukua malaria, jambo lililo nadra kwa magonjwa ya jamaa yake.

Wafugaji nao walikuwa na nakama yao. Iko aina ya mbu hutaga katika ardhi ya mabonde yanayojaa maji mara chache, na mayai yake huweza kukaa katika udongo mkavu miaka mingi yakiwa yamebeba virusi vya homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa uliochunguzwa kwanza karibu na Ziwa Naivasha mnamo 1930 na 1931. Mvua ya kawaida haiyafikii, lakini ikija vuli ya gharika mabonde hujaa, mayai huanguliwa yote kwa pamoja, na kondoo huanza kutupa mimba kundi zima. Ndivyo ilivyotokea Kenya baada ya mvua za 1961, na ndivyo ilivyotokea tena baada ya vuli ya 1997, wakati ugonjwa ulipotoka katika mifugo ukawaingia watu wa Garissa na wa kusini mwa Somalia, na mamia wakafa. Hapo mtu mmoja mwenye habari za bahari za mwezi wa Septemba ana faida kuliko matabibu kumi wa mwezi wa Januari, kwa kuwa chanjo ya mifugo yafaa kabla ya mbu, haifai baada yake.

Vuli hiyo ya 1997 iligusa siasa waziwazi zaidi. Kenya ilipiga kura tarehe 29 Desemba, na masanduku na karatasi hazikuweza kufika kwa wakati katika vituo kadhaa, kwa sababu ya vurugu za maandalizi na kwa sababu ya mvua na njia mbovu, hata upigaji kura ukaongezwa siku ya pili. Tanzania nayo aghalabu imekuwa ikichagua viongozi wake mwishoni mwa Oktoba, vuli ikiwa ndiyo kwanza yafungua, na anayefanya kampeni vijijini wakati huo huona barabara kwa macho ambayo hatakuwa nayo tena miaka mitano. Mwaka 2023 mvua nyingi za msimu huo ziliporomosha matope ya Mlima Hanang juu ya mji wa Katesh, tarehe 3 Desemba, na watu zaidi ya 80 wakafariki.

Lakini kumbukumbu kubwa kabisa ya 1961 imo katika maziwa. Ziwa Victoria hupata sehemu kubwa ya maji yake kutokana na mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na njia ya kutokea ni moja tu, nayo ni Mto Naili pale Jinja, ambapo bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954. Tangu mwisho wa 1961 hata Mei 1964 ziwa lilipanda yapata mita 2 na nusu, na kwa kuwa eneo lake ni kama kilomita za mraba 68,800, kila mita moja ni maji ya kadiri ya kilomita za ujazo 69. Magati yakazama, mashamba ya ufukoni yakawa mapitio ya samaki, na kanuni iliyokubaliwa ya kutoa maji bwawani, iliyofuata mwendo wa asili wa mto, ikabidi irefushwe kwa sababu ziwa lilikuwa limepita kimo cha juu kilichokuwemo katika hesabu. Huko Sudani ya Kusini kinamasi cha Sudd kikapanuka zaidi ya mara mbili na kuyameza malisho ya Wadinka na Wanuer. Na Mto Kongo, Desemba hiyo hiyo ya 1961, ulipita Léopoldville na Brazzaville kwa wingi ambao haujawahi kupimwa tena.

Mwezi Mei 2020, baada ya vuli kubwa ya 2019 na masika yaliyoifuata, Ziwa Victoria lilifikia alama ya 1964 na kuipita kwa kadiri ya sentimita moja, na mwaka 2024 likaipita kwa zaidi. Nyumba, hoteli na masoko ya Kisumu, Entebbe na kwingineko yakaingiwa na maji, na wenyewe wakasema kuwa ziwa limevamia. Kwa kuwa alama ya 1964 na ile ya 2020 zapishana kwa unene wa kidole tu, karibu kila nyumba iliyozama mwaka 2020 ilikuwa imejengwa mahali ambapo ziwa lilikuwa limekwisha kaa, na kimo cha 1964 kilikuwa kimeandikwa katika daftari za kipimo cha Jinja kwa muda wa miaka 56.