Zizi la Kondoo na Wezi wa Usiku

Kondoo ni mnyama rahisi kumzuia. Hapandi kama mbuzi, na kundi lililoshiba na kunywa maji mara chache hutafuta njia ya kutoka. Uzio wa waya wa kimo cha mita moja na kidogo humtosha, mradi umekazwa vizuri na matundu ya chini ni madogo kiasi kwamba mwanakondoo hawezi kupenya. Ugumu huanza uzio huohuo unapotakiwa kumzuia fisi, chui na simba, kwa sababu kila mmoja huujaribu kwa namna yake.

Wamaasai wa Kenya na Tanzania waligawa kazi hiyo tangu zamani. Mchana kondoo hawana uzio, wana mchungaji. Usiku huingizwa katika boma lililozungushiwa matawi ya migunga, miiba ikitazama nje. Kondoo na mbuzi hulazwa zizi lao, mbali na ng'ombe wasije wakakanyagwa, na wadogo kabisa hutengwa katika vizimba au ndani ya nyumba.

Simba ndiye anayetajwa sana, lakini wezi wa kawaida wa kondoo ni fisi na chui. Fisi madoa husukuma palipolegea, hujipenyeza kwenye pengo, au hufukua chini ya uzio. Chui hupanda au huruka, na akiwa ndani, kundi likihangaika bila pa kukimbilia, huweza kuua wengi kuliko atakaokula. Simba naye mara nyingi hana haja ya kuingia. Ng'ombe wakimnusa au kumsikia karibu hushikwa na kiwewe, hubomoa boma kutoka ndani na kukimbilia nje gizani, simba aliko. Uzio mzuri basi lazima uhimili nguvu za pande zote mbili, jambo ambalo mjenzi asiyefuga hulisahau kwa urahisi.

Matawi makavu hayadumu. Mchwa huyala, mvua huyaozesha, mapengo hutokea, na kila ukarabati hudai migunga mingine ikatwe. Katika wilaya ya Simanjiro, mashariki mwa Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, wafugaji na shirika la African People & Wildlife wametumia njia nyingine, ukuta ulio hai. Vigingi vibichi vya miti ya jamii ya mmanemane hupandwa kwa mduara, kisha wavu wa chuma hufungwa juu yake. Vigingi hivyo huota mizizi na kuchipua. Nguzo iliyo hai haiozi wala haiangushwi na mchwa, na matawi yake hukua juu ya wavu na kuongeza kimo cha ukuta mwaka hadi mwaka.

Wavu peke yake haumzuii mchimbaji. Fisi huanza kufukua palepale uzio unapogusa ardhi, hivyo wavu hukunjwa chini na kulazwa kuelekea nje kwa nusu mita hivi, ukafukiwa au kukandamizwa kwa mawe. Mnyama akifukua hukutana na chuma, na kwa kawaida hapati wazo la kurudi nyuma aanzie mbali. Mlango ndio sehemu ya kuangaliwa zaidi. Tawi la mwiba lililoburutwa kuziba njia halina maana ikiwa ukuta uliobaki ni wa chuma. Unahitajika mlango wa mbao au bati, wenye komeo, usioacha nafasi chini.

Mwanga nao umetumika. Richard Turere, kijana wa Kimaasai aliyekuwa akichunga mifugo ya baba yake karibu na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, ambayo upande wake wa kusini haujafungwa kwa uzio, aliona kwamba simba huogopa tochi inayotembea. Akaunganisha taa ndogo, betri na umeme wa jua ili ziwake na kuzimika kwa zamu kuzunguka zizi, na mwaka 2013, akiwa na umri wa miaka 13, alieleza ubunifu huo kwenye jukwaa la hotuba la TED nchini Marekani. Taa hizo husaidia uzio; hazichukui nafasi yake.

Wenye mashamba makubwa hutumia waya wa umeme, ambao hutoa mapigo mafupi, takriban moja kila sekunde. Pigo hukamilika kwa kupitia ardhini, kwa hiyo udongo mkavu hulidhoofisha. Katika nchi kame waya wenye umeme hupishanishwa na waya uliounganishwa ardhini, ili mnyama aguse yote miwili. Sufu nzito huzuia umeme, ndiyo maana kondoo wa sufu hufundishwa kuugusa kwa pua. Kondoo mwekundu wa Kimaasai, ambaye ana manyoya mafupi, husikia mara moja. Majani yanayogusa waya lazima yafyekwe, la sivyo nguvu yote huishia kwenye nyasi.

Kuzungushia malisho yote uzio wa kudumu kuna gharama nyingine, kwani nyumbu na pundamilia hukatiwa njia zao. Huko Laikipia, Kenya, ranchi kadhaa hutumia maboma ya kuhamishika, yaliyoundwa kwa fremu za chuma zinazounganishwa jioni moja na kusogezwa baada ya siku chache. Samadi iliyobaki hurutubisha ardhi, na mahali palipokuwa na boma huota nyasi tamu ambazo swala huzifuata kwa miaka mingi.